Historia ya zimamoto ya mji mdogo: fuata maji, si magari

Historia nyingi za vikosi vya zimamoto vya miji midogo huandikwa kwa kufuata magari. Unakuta picha ya gari la kwanza, orodha ya makamanda, tarehe ya kufunguliwa kituo, na moto mmoja mkubwa ambao kila mzee wa mji anausimulia. Si vibaya, lakini msomaji akimaliza bado hajui kwa nini mwaka fulani mtaa mzima uliteketea, na miaka ishirini baadaye moto wa aina ile ile ukaishia kwenye chumba kimoja. Jibu karibu kila mara limo kwenye maji: yalitoka wapi, yalisukumwa na nini, na yalichukua dakika ngapi kufika. Ukiyafuata maswali hayo matatu, magari, sare, vyeo na majengo vitajipanga vyenyewe mahali pake.

Mwanzo wa miji mingi unafanana: ndoo za ngozi na mistari miwili ya watu. Mstari mmoja unapitisha ndoo zilizojaa kutoka kisimani au mtoni, mwingine unarudisha zilizo tupu. Fanya hesabu kidogo. Ndoo ya lita 10 ikipita kila sekunde 4, unapata lita 150 kwa dakika, kabla ya kutoa yanayomwagika njiani. Mpira mmoja wa maji wa leo unaoshikwa na askari wawili hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana katika enzi ya ndoo silaha kubwa haikuwa maji, ilikuwa kulabu ndefu na shoka: nyumba ya jirani inabomolewa ili moto ukose cha kula. Kumbukumbu za mji zikitaja kulabu na kamba nyingi kuliko ndoo, waliozinunua walijua walichokuwa wakifanya.

Pampu ya mkono ilipoingia, ndoo hazikuondoka. Zilibadilishwa kazi tu, zikawa za kujaza tangi la pampu. Richard Newsham wa London alipata hataza (haki za uvumbuzi) za pampu yake mwaka 1721 na 1725, na New York iliagiza mbili zilizofika mwaka 1731. Ndani yake kuna silinda mbili, kila moja na pistoni yake, na boriti ndefu inayopanda upande huu huku ikishuka upande ule. Watu husimama pande zote mbili wakiikandamiza kwa zamu. Kitu kinachoifanya pampu hiyo iwe na maana ni chumba cha hewa kilicho kati ya silinda na nozeli, yaani mdomo wa kutolea maji. Maji yanaposukumwa humo huibana hewa, na hewa iliyobanwa huendelea kuyasukuma maji wakati pistoni inageuka. Pasipo chumba hicho maji hutoka kwa vipindi, yanaruka, yanakatika, yanaruka tena, na hayafiki popote.

Kilichoharibika mara nyingi ni ngozi za pistoni. Zikikauka hujikunja na kupitisha hewa, na pampu inayovuta hewa haivuti maji. Kwa hiyo ukikuta katika kumbukumbu kwamba pampu ilitolewa kila mwezi na kuchezeshwa mbele ya watu, usiandike kwamba lilikuwa gwaride tu. Ngozi zilikuwa zinaloweshwa. Mji uliosahau zoezi hilo kwa msimu mmoja wa kiangazi ulifika kwenye moto na sanduku la mbao lisilotoa kitu. Tatizo la pili ni pumzi za watu. Boriti hupigwa hadi mara 60 kwa dakika, na hakuna mwenye nguvu anayeweza kuhimili mwendo huo kwa muda mrefu. Walihitajika watu wa zamu ya pili na ya tatu wakisubiri pembeni, na hapo ndipo vikundi vya kujitolea vilipopata ukubwa wake. Wanachama wengi vile hawakuwepo kwa ajili ya heshima, bali kwa sababu pampu iliwala.

Mpira ndio uliobadilisha vita

Kabla ya mpira, nozeli ilifungwa juu ya pampu yenyewe. Pampu ilisimama barabarani, maji yakarushwa juu ya paa, na moto ukaendelea kuwaka chini ndani ya chumba. Jan van der Heyden wa Amsterdam, akiwa na ndugu yake Nicolaas, ndio walioingiza mipira ya ngozi kwenye kazi hii mnamo 1672 na 1673: vipande vya takriban mita 15 vilivyoungwa kwa viungio vya shaba. Kuanzia hapo mtu aliweza kuingia mlangoni na kulenga kitovu cha moto. Urefu ule wa mita 15 umedumu katika vikosi vingi hadi leo, na utakufaa sana utakapoanza kusoma vitabu vya matukio.

Mipira ya kwanza ilishonwa kwa uzi, na mshono ulipasuka presha ilipopanda. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Philadelphia, mshono ulianza kufungwa kwa ribiti za shaba, na ukaanza kuhimili pampu zenye nguvu. Lakini ngozi ni ngozi. Baada ya kila moto ilioshwa, ikaanikwa hadi ikaribie kukauka, kisha ikapakwa mafuta ya wanyama ingali na unyevu kidogo. Ikikauka kabisa kabla ya mafuta hupasuka; ikifungwa mbichi huoza. Mstari wa "mafuta" unaojirudia kwenye daftari la matumizi la kikosi cha zamani unakwambia bado walikuwa na mipira ya ngozi, hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Mstari huo ukitoweka mwaka fulani, umepata mwaka wa mabadiliko.

Baadaye vilikuja vitambaa. Mpira wa kitani usio na raba ndani huvuja jasho kwa dakika za mwanzo, hadi nyuzi zivimbe na kuziba. Ule wa pamba wenye raba ndani, uliosambaa kuelekea mwisho wa karne ya 19, hauvuji, lakini una adui wake: ukungu. Pamba iliyokunjwa ikiwa na unyevu huanza kuoza kwa muda mfupi, na huwezi kuona kwa macho. Inapasuka siku ya moto, mara nyingi karibu na kiungio, ambako maji hubaki mengi. Tena, mpira ukikunjwa mahali pale pale kila siku, ile raba ya ndani hufanya ufa kwenye mkunjo. Ndiyo sababu kikosi makini hushusha mipira yote garini mara kwa mara na kuipanga upya ili mikunjo ibadilike.

Hapo ndipo mnara wa kituo unapoingia. Watu wengi hudhani ulijengwa kwa ajili ya kengele au kuangalia moshi, na mingine kweli ilifanya kazi hizo. Lakini kazi yake ya kila wiki ilikuwa kuanikia mipira: inapandishwa kwa kamba na kapi, inaning'inia wima, maji yanashuka yenyewe na hewa inapita. Kipande cha mita 15 kikining'inizwa kwa ncha moja kinahitaji mnara wa zaidi ya mita 15. Kikikunjwa katikati kinahitaji nusu yake. Pima mnara wa kituo cha zamani, utajua mipira ilianikwa vipi. Nyuzi za sintetiki kama poliyesta zilipochukua nafasi ya pamba baada ya Vita ya Pili ya Dunia, haja ya kuanika ilipungua sana, na minara ikabaki ya mazoezi ya ngazi au ya kuwekea antena. Mji uliobomoa mnara wake miaka ya baadaye haukudharau urithi. Kazi yake ilikuwa imeisha.

Kipenyo cha mpira nacho kina historia yake. Presha inayopotea kwa msuguano hupanda kwa mraba wa kiasi cha maji: ukitaka maji mara mbili kwenye mpira ule ule, unapoteza presha mara nne. Kwa upande wa kipenyo tofauti ni kali zaidi. Maji yale yale yakipitishwa kwenye mpira wa milimita 38 badala ya 64, presha inayopotea ni takriban mara 12 hadi 13. Kikosi kilichonunua mipira myembamba ili iwe mepesi kubebeka kilijikuta kinafika mbali na nozeli inayodondosha. Kilichonunua minene pekee kilipata maji mengi lakini kikahitaji watu wawili au watatu kuishika nozeli. Miji iliyofaulu ilitumia yote miwili: mnene kutoka kwenye chanzo hadi karibu na moto, kisha kigawanyio, kisha myembamba hadi ndani.

Kunyonya kuna mpaka

Tukiwa kwenye chanzo, kuna jambo ambalo waandishi wengi wa historia hizi hawalijui, nalo linaeleza vituo vingi vilivyojengwa mahali panapoonekana pa ajabu. Pampu haivuti maji. Inatoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Kwa hiyo hata pampu kamilifu, ikiwa usawa wa bahari, haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10.3. Katika kazi halisi hesabu mita 7. Na kila mita 1,000 za mwinuko juu ya bahari hupunguza takriban mita 1.1 nyingine. Mji wa mlimani wenye mto ulio kwenye bonde refu unaweza kuwa na pampu nzuri na maji mengi, na bado usipate tone. Suluhisho lilikuwa matangi ya chini ya ardhi kwenye makutano ya barabara, au njia ya kuteremkia hadi ukingo wa maji. Ukikuta duara la matofali katikati ya makutano ya barabara za zamani, ulizia. Huenda ni kifuniko cha tangi la zimamoto.

Kunyonya hushindwa kwa sababu chache zinazojirudia. Gasketi ya kiungio imekauka na inapitisha hewa. Kichujio kimekaa juu mno na kinavuta kimbunga cha hewa. Kanuni nzuri ni kiwe na maji ya sentimita 60 juu yake. Mpira wa kunyonyea umepandishwa juu ya ukuta kisha ukashuka tena kwenye pampu, hewa ikanaswa kwenye ule mgongo. Katika ripoti za zamani "pampu ilikataa" mara nyingi maana yake ni mojawapo ya hayo, si pampu mbovu.

Mvuke, na miji iliyouruka

John Braithwaite na John Ericsson walijenga pampu ya mvuke ya zimamoto London mwaka 1829. Cincinnati, Marekani, ndiyo iliyoifanya iwe msingi wa kikosi mwaka 1853: pampu ya mvuke pamoja na wazima moto wanaolipwa mshahara badala ya makundi ya kujitolea. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu ya wazi. Pampu ya mkono ilihitaji umati. Ya mvuke ilihitaji fundi mmoja anayejua boila, mwendesha farasi, na wachache wa mipira. Umati ulipokosa kazi, ulikosa pia sauti mjini, na magomvi unayoyasoma kwenye kumbukumbu za miaka ile yanatokana na hilo.

Boila la pampu hizi lilikuwa la mirija mingi midogo, lenye maji machache ili yachemke haraka. Kituoni liliunganishwa na hita iliyoweka maji yakiwa moto usiku na mchana. Chini ya mirija zilipangwa takataka za mbao, juu yake kuni ndogo, kisha makaa. Kengele ikilia, kiungio cha hita kinachomoka, moto unawashwa wakati farasi wanatoka mlangoni, na presha inapanda njiani. Hatari ilikuwa kiwango cha maji: kikishuka, mirija inabaki wazi na kuungua. Maji machafu ya mto nayo yalifanya boila litoe povu, povu likaingia kwenye silinda, na pampu ikapoteza nguvu katikati ya kazi. Tena mashine ile ilikuwa na uzito wa tani kadhaa, na farasi hula kila siku, moto uwepo usiwepo.

Kwa mji mdogo hesabu hiyo mara nyingi haikukubali. Penye kilima karibu, njia ya bei nafuu ilikuwa tangi juu ya kilima, mabomba ya chuma hadi mjini, haidranti (vituo vya kuchukulia maji ya zimamoto) kwenye kona za barabara, na mkokoteni wa mipira unaovutwa na watu. Kila mita 10 za urefu hutoa presha ya takriban bar 1. Tangi lililo mita 50 juu ya mtaa linatoa karibu bar 5 kabla ya maji kuanza kutembea, na hiyo inatosha kurusha maji kwenye ghorofa za chini bila pampu yoyote. Kwa hiyo mji usipokuwa na picha ya pampu ya mvuke, usiharakishe kuandika kwamba ulikuwa nyuma ya wakati. Huenda halmashauri yake ilifanya uamuzi wa busara kuliko jirani yake.

Mabomba ndiyo historia iliyofichika

Kabla ya mabomba ya chuma, miji kadhaa ilikuwa na mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati. Moto ukitokea, walichimba hadi kwenye gogo, wakatoboa tundu, maji yakajaa shimoni, na pampu ikanyonya humo. Baadaye tundu lilizibwa kwa kigingi cha mbao. Haidranti ya kisasa ni mtoto wa kigingi hicho.

Katika nchi za baridi kali vali ya haidranti huwekwa chini kabisa, pasipoganda, na mwili wake hubaki mkavu. Chini kuna tundu dogo linalotoa maji yaliyobaki baada ya kufungwa. Haidranti ya namna hii lazima ifunguliwe hadi mwisho. Ikifunguliwa nusu, tundu lile halizibiki, maji yanatoka kwa nguvu chini ya ardhi na kula udongo unaoishikilia. Kwenye nchi za joto vali huweza kuwa juu na mwili ukajaa maji wakati wote. Za aina zote mbili zina mazoea yale yale: zifungulie maji kwanza yatiririke kabla ya kuunganisha mpira, maana mawe na kutu vilivyokaa bombani vitaishia kwenye nozeli au kwenye mapezi ya pampu, na ukimaliza uifunge haidranti polepole. Kasi ya mita 1 kwa sekunde ikisimamishwa ghafla kwenye bomba la chuma inaweza kuongeza bar 10 au zaidi kwa mpigo mmoja. Bomba la zamani lililopasuka mtaa wa tatu siku ya moto huenda lilivunjwa na mkono uliofunga haidranti kwa haraka.

Presha ya haidranti isiyotumika haikwambii kitu. Kipimo cha maana hufanywa kwa haidranti mbili: geji inawekwa kwenye moja, ya pili inafunguliwa, na unasoma presha inayobaki maji yakiwa yanatembea. Isishuke chini ya takriban bar 1.4, maana chini ya hapo pampu ya gari inaweza kuvuta hadi bomba likaanza kunyonya uchafu wa nje. Haidranti mbili zinazoonyesha presha sawa zikiwa zimefungwa zinaweza kutofautiana mno zikifunguliwa, kwa sababu moja iko kwenye bomba la milimita 150 linalolishwa pande mbili, na nyingine iko mwisho wa bomba la milimita 100 lisiloendelea mbele, linalolishwa upande mmoja tu. Kwa presha ile ile, bomba la 150 hupitisha karibu mara tatu ya la 100. Na chuma cha zamani huota vinundu vya kutu ndani, hivyo bomba la 100 la miaka themanini si la 100 tena. Katika mfumo wa rangi unaopendekezwa Marekani, kichwa chekundu cha haidranti maana yake ni chini ya takriban lita 1,900 kwa dakika, na cha buluu ni lita 5,700 hivi na zaidi. Ukikuta mtaa mmoja una vichwa vyekundu vitupu, linganisha na orodha ya mioto mikubwa ya mji. Mara nyingi zinafanana.

Kwa miji ya Marekani kuna hazina ya pekee: ramani za bima za Sanborn, kampuni iliyoanza mwaka 1867. Zilichorwa kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, majengo ya matofali kwa waridi, ya mbao kwa njano, na mabomba ya maji yenye kipenyo chake pamoja na mahali pa haidranti. Charles E. Goad alitengeneza ramani za namna hiyo kwa miji ya Kanada na Uingereza. Ukiweka matoleo mawili ya mji mmoja sambamba, unaona bomba likiongezwa mtaa kwa mtaa.

Viungio visivyokutana

Mwaka 1904, tarehe 7 na 8 Februari, moto uliteketeza zaidi ya majengo 1,500 katikati ya Baltimore. Vikosi vilitoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko kuja kusaidia. Wengi walipofika walikuta nyuzi za skrubu za mipira yao hazikubali za haidranti za Baltimore. Watu walikuwepo, pampu zilikuwepo, maji yalikuwepo, na havikuungana. Mwaka uliofuata Marekani ilipata kipimo cha pamoja cha nyuzi: kiungio cha inchi 2½ kina nyuzi 7.5 kwa kila inchi. Lakini kipimo hakikuwa amri, na miji mingi ilibaki na nyuzi zake kwa miongo kadhaa, kwa kuwa kubadilisha haidranti zote ni gharama ya mara moja isiyoonekana na mpiga kura.

Ujerumani ilikuwa na njia nyingine: kiungio cha Guido Storz, kilichobuniwa mwaka 1882, ambacho hakina dume wala jike. Pande zote mbili zinafanana, unasukuma na kuzungusha robo hivi. Kwa mwandishi wa historia ya kikosi, tafuta manunuzi ya viungio vya kubadilisha nyuzi. Mwaka vilipoanza kununuliwa ndio mwaka ambao mji ulianza kwa dhati kusaidiana na majirani, hata kama mkataba ulisainiwa kabla au baada.

Taarifa ya moto nayo ni sehemu ya maji, kwa maana ya dakika. Boston ilianza kutumia telegrafu ya zimamoto mwaka 1852, kazi ya William Channing na Moses Farmer. Ndani ya sanduku la barabarani kuna springi ya saa na gurudumu lenye meno. Ukivuta mkono, gurudumu linazunguka, meno yanakata na kuunga mkondo wa umeme, na kengele ya kituo inagonga namba ya sanduku. Mkondo ulikuwa unapita muda wote, kwa hiyo waya ukikatika kituo kilijua papo hapo. Simu ilipoenea ilileta maelezo zaidi, ila ilileta pia anwani zilizokosewa.

Injini ya mafuta

Mwanzoni mwa karne ya 20 injini ya petroli haikuingia kwa kishindo. Miji mingi ilinunua kwanza gari la kubeba mipira, na wengine wakafunga kichwa cha gari mbele ya pampu ile ile ya mvuke badala ya farasi. Badiliko la kweli lilikuja injini moja ilipoendesha magurudumu njiani na pampu kwenye tukio. Pampu za pistoni na za gia zilitoa hewa zenyewe. Ya kani nje, yaani inayorusha maji kwa mapezi yanayozunguka, iliyozishinda zote, haiwezi. Mapezi yake huzunguka ndani ya hewa bila kufanya lolote, hivyo inahitaji kifaa kidogo cha kutoa hewa kwanza. Faida yake ni kwamba inapokea presha ya haidranti na kuiongezea, na nozeli ikifungwa haipasui kitu. Ila ikiachwa inazunguka nozeli zikiwa zimefungwa, maji ya ndani huchemka na kuharibu sili. Lazima tone liachiwe lirudi tangini.

Tangi lenyewe ndilo lililobadilisha mwenendo wa kazi kuliko injini. Gari lenye lita 2,000 linaweza kulisha mpira wa lita 450 kwa dakika kwa dakika 4 na nusu hivi, bila kusubiri haidranti. Moto wa chumba kimoja huzimika humo. Lakini dakika hizo ni mkopo: asipokuwepo mtu anayevuta mpira kwenda kwenye chanzo wakati huo huo, walio ndani wanabaki na nozeli tupu.

Hapo tunafika kwenye watu. Nafasi moja inayotakiwa kujazwa saa 24 ina saa 168 kwa wiki. Gawa kwa wiki ya kazi ya saa 40, unapata watu 4.2, ongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, ni 5. Gari moja la watu wanne linataka askari 20 wa mshahara. Sasa unaelewa kwa nini miji midogo mingi ulimwenguni imebaki na wa kujitolea, au imechanganya: dereva wa kulipwa kituoni na wengine wanaoitwa kutoka majumbani. Si mapenzi ya mila. Usiandike "kikosi kilibadilika kuwa cha kulipwa mwaka fulani" kabla hujaona orodha ya zamu. Mara nyingi alikuwa mtu mmoja aliyelala kituoni kuwasha gari.

Vifaa vya kupumulia vilifuata, na vikazidisha haja ya watu. Mtungi wa lita 6.8 wenye bar 300 una takriban lita 2,000 za hewa. Kwa kazi ya wastani mtu hutumia lita 40 kwa dakika, akipanda ngazi na mpira hufika 70 au 80. Dakika 50 za kwenye karatasi zinakuwa 25 hadi 29, na akiba ya kutokea haijatolewa. Waingiao ni wawili wawili, na wengine wawili husubiri nje tayari kuwafuata. Hivyo picha ya mwaka kikosi kilipopata mitungi haina maana bila idadi ya waliofika kwenye tukio.

Unapoanza kuandika

Tahadhari na tarehe. Mwaka kikundi kilipoanzishwa, mwaka halmashauri ilipokitambua, na mwaka kituo kilipojengwa ni mitatu tofauti, na sherehe za maadhimisho huchagua wa mbali zaidi. Mwaka ulio kwenye kibati cha gari ni wa chesi, yaani fremu na magurudumu. Pampu na bodi huenda vilifungwa baadaye. Namba "500" kwenye pampu ya zamani inaweza kuwa galoni za Marekani, yaani lita 1,893 kwa dakika, au galoni za Kiingereza, lita 2,273. Uliza pia ilipimwa kwa presha gani, maana pampu haitoi kiasi kile kile kwa bar 7 na kwa bar 10.

Kisha chukua kitabu cha matukio na utoe safu hizi: saa ya taarifa, saa maji yalipotoka, chanzo cha maji, idadi ya mipira iliyotandazwa, na watu waliofika. Wengi huanza na saa, lakini saa za zamani ziliandikwa kwa kukisia baada ya kazi. Mipira ilihesabiwa kweli, kwa sababu kila kipande kilirudi, kikaoshwa na kuanikwa. Mipira 14 ya mita 15 ni mita 210 kutoka kwenye maji hadi kwenye moto. Panga tukio kwa tukio kwa mtaa mmoja. Idadi ikishuka kutoka 14 hadi 5 kati ya miaka miwili, nenda kwenye mafaili ya idara ya maji ya miaka hiyo uangalie bomba lililowekwa, kipenyo chake na nani aliyelilipia. Sura kuu ya historia ya kikosi chako huenda iko humo, na jina la zimamoto lisitajwe hata mara moja.